Mvua Ukishaiita Si Yako

Enzi zetu gemu haikuwa na taa. Naliweka hili mbele kwa faida ya vijana watakaokutana na maneno haya kwa bahati mbaya wakitafuta kitu kingine. Kioo chake kilikuwa cha kijivujivu, kidogo kama boksi la kiberiti, na ili uone chochote ilibidi ukae nje, ukikigeuzageuza kuelekea jua kama mama anayepeta ulezi. Wingu likipita, vita vinasimama. Mnasubiri, mnatafuna karanga, wingu linaondoka, mnaendelea kuuana.

Nazungumzia Sumbawanga, pembeni kabisa mwa Mazwi, pale ambapo nyumba zilichoka na mahindi yakaendelea peke yake. Nilikuwa darasa la sita. Soko huria lilikuwa limeshapanda mlima likatufikia: redio za plastiki, kandambili za rangi ambazo hatukujua kuwa zipo duniani, biskuti zenye krimu katikati, na mitumba. Mjomba Deo, mdogo wake mama, alikuwa akipakia na kupakua mizigo ya maboti kule Kasanga, na kila alipokuja kwetu alinukia ziwa na alileta kitu. Kwa kawaida ilikuwa samaki, migebuka mikavu. Mara moja ikawa gemu. Aliikuta kwenye mfuko wa koti la mtoto, ndani ya belo la mitumba lililovuka kutoka Zambia. Koti akampa mdogo wangu. Gemu akanipa mimi, akasema, "Shika kikokotoo hiki, labda hesabu zitapanda."

Hesabu hazikupanda. Ila nilijifunza mambo mengine.

Ndani ya gemu ile kulikuwa na madubwana. Ulitembea porini, ukakutana na dubwana, ukapigana nalo, ukilishinda linakuwa lako, unakwenda nalo kupigana na mengine. Maandishi yake yalikuwa ya nchi ya mbali, kama kuku aliyekanyaga unga akapita sebuleni, kwa hiyo kila kitu tulikipa jina wenyewe. Kulikuwa na samaki mwenye sharubu aliyetoa umeme, tukamwita Kambale. Kulikuwa na chura mnene ambaye hakujua kupigana hata kidogo, kazi yake ilikuwa kupanua mdomo na kuita mvua. Na mwisho wa safari, juu ya mlima, alikaa dubwana la udongo lenye tumbo la moto, refu, limefanana kabisa na yale matanuri ya kale ambayo mababu zetu wa Ufipa walikuwa wakiyeyushia chuma. Huyo tukamwita Tanuri. Alitupiga mwaka mzima.

Alitupigaje, na kwa nini? Hapa inabidi nijicheke. Katika gemu ile hali ya hewa ilikuwa silaha. Mvua ikinyesha, moto unapungua nguvu na radi haikosi shabaha. Jua likiwaka, mambo yanageuka. Ukungu ukishuka, kila mtu anapiga hewa. Kila hali ilidumu zamu tano, kisha inaisha. Mtoto yeyote wa leo angelielewa hilo kwa dakika kumi. Mimi nilichukua miezi, kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri.

Mtoto wa Kifipa aliyelelewa vizuri, mvua ikianza kunguruma, anajua la kufanya. Anaingia ndani. Anavua nguo nyekundu. Kioo cha ukutani kinafunikwa kanga, redio inazimwa, na hakuna anayepiga mluzi. Mama alikuwa na msemo wake: "Radi haimpigi aliyekaa chini na mdomo wake." Kwa hiyo kila mvua iliponyesha ndani ya gemu, mimi niliwarudisha madubwana wangu mfukoni. Nilimtoa Kambale, samaki, kwenye mvua, asije akapigwa. Zamu tano zote nilizitumia kuwahifadhi. Mvua ikikatika nawatoa wakavu, Tanuri anawachoma.

Aliyenifungua macho ni Masanja. Ukoo wao ulikuwa umetoka Usukumani na ng'ombe wao, wakajenga hatua chache kutoka kwetu, upande wa malisho. Walikuwa na miaka mitatu pale, na bado mtaa uliwaita wageni. Masanja alikuwa rika langu, mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, na alikuwa amenyeshewa mvua nyingi zaidi ya mtu yeyote niliyemjua. Ng'ombe haingii ndani kwa sababu ya ngurumo, na mchungaji wake vilevile.

Siku ya kwanza aliponiona ninamficha Kambale, alicheka hadi akakaa chini.

"We Mfipa! Unamwanua samaki kwenye mvua?"

"Radi hiyo," nikasema.

"Radi ya nani? Si ni ya kwako mwenyewe? Lete hapa."

Akaninyang'anya. Akamtanguliza chura. Chura akaita mvua, Tanuri akampiga akafa palepale, na mimi nikapiga kelele ya uchungu. Masanja hakutikisika. Akamtoa Kambale kwenye mvua, akapiga radi, radi ikatua. Hakushinda siku ile, maana Tanuri alikuwa na msaidizi wake, mamba, na mamba naye alifaidi mvua ileile tuliyoigharimia chura wetu. Akatumaliza. Masanja akatikisa kichwa kama mzee aliyefiwa na ndama.

"Mvua ukishaiita si yako tena," akasema. "Inamnyeshea kila aliyepo."

Nimesoma chuo kikuu miaka minne. Sikumbuki mhadhara uliosema jambo zito zaidi.

Basi tukawa wanasayansi. Tulikaa kwenye gogo nyuma ya kihenge chetu cha mahindi, mchana jua likiwa kali, tukajaribu. Mamba kwanza auawe kwa jua, kisha ndipo chura aite mvua. Chura asitolewe mapema, maana zamu ni tano tu. Ukungu tumia pale unaposhindwa, ili adui naye akose. Betri ndizo zilitutesa. Tulizianika juani, tukazing'ata kwa meno ya pembeni mpaka zikawa na mabonde, na zilipogoma kabisa nikaazima za kwenye redio ya mama bila yeye kujua kuwa ameniazima. Nilipozirudisha, redio ikawa inanong'ona taarifa ya habari. Mama akadhani ni serikali imepunguza sauti.

Tanuri alikufa mchana wa Alhamisi moja, mwanzoni mwa masika, wakati wa kulima. Masanja ndiye aliyekuwa anabonyeza, mimi nilikuwa natoa amri, kwa sauti ya mtu anayeelekeza lori lirudi nyuma.

"Ita mvua! Imekuja? Haya, tupa radi! Mlenge yule mkubwa! Usimkose!"

"Kafa!" Masanja akaruka juu. "Yule mkubwa kafa!"

Tukacheza ngoma kuzunguka kihenge. Wakati huohuo, upande wa pili wa ua, alikuwa anapita Mzee Gervas, jirani yetu, anatoka kulima na maksai wake wawili. Alisimama akatutazama, tukamwamkia shikamoo huku tunahema, akaitikia kwa shida, akaenda zake.

Haikupita saa nzima. Mawingu yakashikana kama yanavyoshikana kila mchana wa masika, ngurumo moja ikapasua mtaa, na radi ikampiga maksai mmoja wa Mzee Gervas mlangoni pa zizi. Ilimpiga yule aliyeitwa Diwani. Diwani ndiye alikuwa yule mkubwa.

Msomaji asiyetoka kwetu anaweza kutabasamu. Wenzangu wa rika langu waliokulia Ufipa hawatabasamu. Sisi tunatoka mahali ambapo radi haichukuliwi kuwa ajali; lazima kuna mtu aliyeituma. Nchi nzima inatutania kwa hilo. Chuoni, mwenzangu wa chumba aliposikia ninatoka Sumbawanga aliniachia kitanda cha juu, cha chini, na nusu ya kabati. Utani ni mzuri ukiwa Dar es Salaam. Nyumbani, neno "ametupa radi" likishatamkwa juu ya mtu, watu wanahama. Na wengine hawapewi nafasi ya kuhama.

Neno lilitamkwa jioni ileile, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Gemu ilikuwa yangu. Amri zilikuwa zangu. Lakini baba yangu alizaliwa mtaa ule, na babu yangu amezikwa pale, kwa hiyo maneno yalinipita kama maji yanavyolipita jiwe, yakaenda kutua kwa akina Masanja. Ikawa wageni wana chombo. Wamekuja nacho kutoka kwao. Kinaita mvua, kina kioo ndani. Kisimani akina mama walimwachia mama yake Masanja nafasi kubwa mno. Mimi nilisikia yote, na kwa siku mbili nilikaa chini na mdomo wangu, kama nilivyofundishwa.

Jumamosi asubuhi Masanja akanikuta kwenye gogo. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Baba anasema tutashuka bonde la Rukwa," akasema. "Anasema ng'ombe wana miguu. Balozi ameita kikao kesho. Kikienda vibaya, tunaondoka kesho hiyohiyo."

"Lakini ni gemu tu."

"Kaseme basi wewe. Mimi nikisema nani atanisikiliza?"

Nikaenda kwa mama, aliyekuwa anachambua maharage, nikamweleza mpaka habari za betri. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Chombo ni cha nani?"

"Changu."

"Basi kesho ukisimama mbele za watu, neno la kwanza liwe hilo. Mengine yatafuata." Kisha akaongeza, "Na kumbe serikali ilikuwa haijapunguza sauti."

Kulikuwa na tatizo moja, nalo aliliona Masanja. Balozi wa nyumba kumi, Mama Sabina, alikuwa amepanga kikao saa nane mchana. Vyama vingi vilikuwa vimeshakuja, lakini balozi wetu alibaki yuleyule, na tulijua atafanya nini: ataamuru gemu iwashwe, watu waone.

"Saa nane hapana," Masanja akasema. "Saa nane masika haya kutanguruma hata asipokuwepo wa kuita. Tukibonyeza, mbingu zikaitika, tumekwisha. Iwe asubuhi. Radi ya huku haiamki mapema."

Mwaka mzima tulikuwa tumejifunza kupanga hali ya hewa ndani ya kioo. Sasa ilibidi tuipange nje. Mama akaenda kwa balozi, akasema sijui nini kuhusu wageni wa jumuiya watakaokuja mchana, na kikao kikasogezwa saa tatu, mara baada ya misa ya kwanza.

Mpango ulikuwa mzuri. Tulichosahau ni kwamba ulikuwa ni mkutano wa Wafipa. Saa tatu watu wakafika. Wakasalimiana, na salamu za kwetu si jambo la kukimbiliwa. Kila mtu ana nyumba, na kila nyumba ina wagonjwa wa kuulizwa. Ikafuata sala. Balozi akaomba radhi kwa uchache wa viti. Kisha Mzee Gervas akapewa nafasi ya kueleza kilichotokea, naye akaanzia siku Diwani alipozaliwa. Tukasikia alivyokuwa ndama mdogo asiyenyonya. Tukasikia jinsi alivyofundishwa jembe. Ilipofika saa sita, Diwani alikuwa ndiyo kwanza ana miaka minne, na nyuma ya migongo ya wazee, upande wa mteremko wa ziwa Rukwa, wingu la kwanza lilikuwa limeinua kichwa.

Baba yake Masanja alikaa peke yake kwenye kigoda, fimbo magotini, akilitazama wingu lile. Na yeye alijua.

Hatimaye nikaitwa. Nikasimama nikasema, "Chombo ni changu," na sauti yangu ikatoka ya mtoto wa chekechea. Watu wakanong'ona. Nikaeleza habari za mjomba, belo na koti. Mdogo wangu akasukumwa mbele na koti lake kama kielelezo.

"Washa," akasema Mama Sabina.

Nikawasha. Wazee wakasogea wakainama, na kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kufifia, kioo nacho kikafifia.

"Huyu ni chura," nikasema. "Ndiye anayeita mvua."

"Chura wa nani?" akauliza bibi mmoja.

"Wa humu ndani, bibi."

"Anakula nini?"

"Betri," akajibu mama, na watu wawili watatu wakacheka kidogo.

Chura akapanua mdomo. Vistari vya mvua vikashuka kwenye kioo. Watu wote, bila kuambiwa, wakainua vichwa wakaangalia juu. Hakuna tone. Pumzi zikashuka.

"Sasa hiyo radi," akasema Mzee Gervas. "Radi ndiyo tunayoitaka."

Nikainua macho. Wingu lilikuwa limefika juu ya mikaratusi ya shule, jeusi, limejaa. Kidole changu kikakataa. Nakiri mpaka leo, kilikataa katakata. Nilimwona baba yake Masanja akishika fimbo yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kunyanyuka.

Masanja akaichukua gemu mkononi mwangu. Nikadhani anabonyeza yeye, nikataka kumzuia. Lakini alipita mbele yangu, akaenda mpaka kwa Mzee Gervas, akapiga goti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Bonyeza mwenyewe. Ni hapa pekundu."

"Mimi?"

"Bonyeza, mzee," akasema Mama Sabina. "Ng'ombe alikuwa wako."

Mzee Gervas akatazama huku na huku, akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza. Kambale akatupa radi. Na papo hapo, kutoka upande wa mteremko, ikaja ngurumo ndefu, nzito, ikapita juu ya mabati ya mtaa mzima.

Mzee Gervas alikuwa ameishika gemu mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni mkanda.

Mama Sabina akakohoa. "Mzee Gervas," akasema taratibu. "Hiyo ni ya kwako?"

Mke wa mzee ndiye aliyejibu. "Nilijua!" akapiga kofi. "Miaka arobaini nalala na huyu mtu, nilijua tu!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Watu walishikana mabega. Mzee Gervas mwenyewe alijaribu kukaza uso akashindwa.

"Jamani," akasema, "mimi nimebonyeza tu."

"Na wao," akasema Mama Sabina, "walibonyeza tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Hakuandika popote, hakuongeza neno. Mvua ikashuka hapohapo, ile ya kweli, tukakimbilia wote sebuleni kwa balozi, watu thelathini kwenye chumba cha watu wanane, na nikamwona baba yake Masanja amebanwa ukutani bega kwa bega na Mzee Gervas, hakuna wa kumsogeza mwenzake. Wakaanza kuongea habari za jembe. Mpaka mvua inakatika walikuwa wamekubaliana kwamba maksai mmoja wa akina Masanja atalima na yule aliyebaki hadi mashamba yaishe. Mzee Gervas alipokuwa anatoka akaniinamia sikioni.

"Yule mkubwa wa humo ndani. Alikufa?"

"Ndiyo, babu, alikufa."

"Afadhali," akasema, akaenda.

Nilimuuliza Masanja kama alikuwa na uhakika. Akasema hakuwa na uhakika wa chochote; aliliona wingu, akajua litanguruma wakati wowote, akaona bora linaponguruma radi iwe mikononi mwa mwenye ng'ombe. Jumatatu nilifika shule mapema kuliko mwalimu wa zamu, nikakaa nikiangalia mlango. Masanja akaingia amelowa miguu na umande, mkononi ana kiazi cha kuchoma. Akakikata, akanipa nusu. Nilikula kile kiazi kama mtu aliyeponea kwenye tundu la sindano.

Siku hizi mwanangu naye ana gemu ya madubwana, kwenye simu, na taa yake unaweza kuchomea mahindi. Anaita mvua, anaita jua, anaita hata theluji, kitu ambacho hajawahi kukiona. Anapigana na watoto wa nchi nisizoweza kuzitamka, na hakuna mzee anayepita uani akamsikia, maana amevaa vitu masikioni na mlango amefunga. Nashukuru. Sitamani mtoto wangu asimame mbele za watu na sauti ya chekechea. Ufipa pia imebadilika. Nikimpigia Masanja, ambaye yupo palepale na wajukuu wa ng'ombe walewale, ananiambia vijana wa sasa wanaisoma mvua kwenye simu, na wananyeshewa vilevile.

Lakini juzi nilimuuliza mwanangu, yule rafiki yako wa wiki iliyopita, mliyekuwa mnapigana pamoja kila siku, yuko wapi?

"Ametoka tu, baba," akasema bila kuinua macho. Alikuwa ameshapata mwingine.

Ametoka tu. Sisi ilibidi tukusanye mtaa mzima, kuanzia saa tatu asubuhi, ili mmoja asitoke.